Siwema Anasubiri Kuzinduliwa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Simwogopi mtu, ila jina lenyewe linasubiri kuzinduliwa upya, na kamati imetuomba tusilitumie hovyo likachakaa kabla ya sherehe. Itoshe kusema kwamba ni nchi njema, ina milima na ina serikali, na vyote viwili hupendeza zaidi ukivitazama kwa mbali.

Kwetu sisi kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Daraja la mtoni lilijengwa likaisha, tukalivuka kwa furaha na mbuzi wetu, mpaka siku Serikali ilipogundua kwamba halijakatiwa utepe. Lilifungwa siku ile ile kwa miiba na askari, nasi tukarudi kuvuka kwa kuogelea. Mgeni Rasmi alipofika baada ya masika mawili, alilisifu kwamba bado ni jipya kabisa. Alisema kweli, maana lilikuwa limepumzika. Kisima cha shule nacho kilifunikwa kwa sababu hiyo hiyo, na watoto waliokwisha kuyanywa maji yake waliambiwa kwamba kiu yao haikuisha kihalali.

Msidhani tunateseka. Raia tuna utaratibu wetu. Serikali ikifunga utepe mahali, sisi tunauangalia kwa heshima, tunatazama kushoto na kulia, kisha tunainama na kupita chini yake. Askari naye akiona tumeinama hugeuka upande wa pili akakohoa. Serikali inafunga, raia tunainama, na amani inadumu. Mtoto wa nchi yetu hujua kuinama kabla hajajua kusoma.

Haya ninayoyasimulia yalitokea kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua kuinama.

*

Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha dobi cha hospitali kubwa ya mkoa. Wenzangu huniita Bwana Pasi. Mkuu wa chumba chetu ni Bi Mboni, mwanamke mwenye mikono mikubwa na subira ndogo, isipokuwa kwa Siwema. Kwa Siwema subira yake haikuwa na mwisho, na mimi sikupata kujua alikuwa anaitoa wapi.

Siwema ni mwanamke mtu mzima. Ana usonji. Madaktari wanatumia neno hilo. Mtaani wana maneno mengine, na hayo sitayaandika. Mama yake, Bi Zamda, alizunguka naye ofisi zote za mji akimtafutia kazi, na kila ofisi ilimpokea vizuri, ikampa kiti, ikamwambia Serikali ina mpango. Alipochoka na mipango akaja kwetu dobi, akiwa amemshika binti yake mkono. Bi Mboni hakuwa na mpango wowote. Alisema, "Mlete Jumatatu, dada, tuone."

Jumatatu hiyo mashine kubwa ya kufulia ilipoanza kulia, Siwema aliingia chini ya meza, akaziba masikio, akabaki huko. Mimi nilitaka kumvuta. Bi Mboni akanizuia kwa jicho tu. Alikwenda mwenyewe chini ya meza, na mwili wake mkubwa ule, akakaa kimya na foronya mapajani, akawa anaikunja na kuikunjua. Baada ya muda mrefu akamsogezea nyingine. Siwema akaikunja. Hawakusemezana neno, na huo ndio ulikuwa usaili.

Toka hapo meza ya kukunjia ikahamishwa kona ya mbali na mashine, karibu na dirisha. Siwema akapewa shuka za wodi ya wanawake, hizo tu. Bi Mboni alitufundisha sote: mwambie jambo moja kwa wakati, lisemwe lilivyo, na likishasemwa lisigeuzwe. Usimwambie "njoo mara moja" halafu umweke saa nzima. Siku moja mimi, kwa mazoea ya mdomo, nilimwambia, "Siwema, leo nimekufa kwa njaa." Alinitazama usoni kwa uangalifu mkubwa, akasema, "Hujafa." Nilikubali kwamba sijafa.

Shuka zake zikifikia kimo cha dirisha, alikuwa akizipitishia kiganja juu, kisha anacheka peke yake. Nimepiga pasi miaka mingi, sijawahi kuona mtu mwingine anayeifurahia kazi kiasi hicho, nikiwemo mimi.

Kila alasiri, wakati wa kutoka, Bi Zamda aliingia kwa geti la nyuma, akavuka ua, akasimama mbele ya binti yake na kusema, "Siwema, nimekuja." Hapo Siwema anavua aproni, anaikunja, wanaondoka. Pasipo maneno hayo haondoki, hata hospitali iungue. Siku moja Bi Zamda alininong'oneza, "Bwana Pasi, nilikuwa silali nikiwaza nikifa huyu ataamkia wapi. Sasa ana mahali pa kuamkia. Naweza kufa."

"Usiwe na haraka, bibie," nikamwambia, tukacheka.

*

Wakati huo Mkuu wa Nchi alikuwa ng'ambo kwenye mkutano. Wakati wa chai mwenyeji wake alimuuliza watu wenye usonji na wenye ulemavu wa akili kwetu wanafanya kazi gani. Mkuu wetu, ambaye hajawahi kukosa jibu, akasema, "Wako kwenye mchakato."

Aliporudi alitaka kuuona huo mchakato. Ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Taifa ya Kumwingiza Kila Mtu Kazini. Mamlaka ilianza kwa kishindo kwa kujiingiza yenyewe: iliajiri madereva, wasimamizi wa madereva, na shemeji wa watu mbalimbali. Mwenye usonji hakuajiriwa hata mmoja, kwa kuwa nafasi zote zilitaka mtu anayependa vikao. Ilifanyika pia semina ya wadau hotelini, yenye sambusa. Walemavu wenyewe hawakualikwa. Mada ilikuwa wao, na kwetu si adabu kumsema mtu akiwepo.

Mwisho wa semina wadau waliazimia apatikane mfano. Nchi nzima ikapekuliwa kutafuta mtu mmoja wa namna hiyo aliye kazini, ili Serikali ionyeshe ilivyomsaidia. Baada ya kutafuta sana, wakampata Siwema.

Aliyekuja ni Bwana Chogero, Mratibu Mkuu wa Uzinduzi, kijana mnadhifu mwenye beji kifuani na nyingine mfukoni kwa dharura. Alisimama mbele ya meza ya dirishani, akamtazama Siwema akikunja, na machozi yakamlenga.

"Huyu anafanya kazi kweli!" akasema.

"Ulitaka afanye ya uongo?" Bi Mboni akamjibu.

"Tangu lini?"

"Miaka sasa."

"Na nani alimzindua?"

Tulitazamana. Mashine ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo hatukuwa na kisingizio cha kutosikia.

"Hakuzinduliwa," Bi Mboni akasema. "Alikuja Jumatatu."

Bwana Chogero alikaa chini juu ya kikapu cha nguo chafu. Alitueleza kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba, kwamba ajira isiyozinduliwa si ajira, ni tukio. Miaka yote hiyo binti wa watu alikuwa anatokea tu. Serikali sikivu isingekubali hali hiyo iendelee hata siku moja zaidi. Akafungua mkoba, akatoa utepe wa rangi za taifa, akaufunga mlangoni kutoka mwimo hadi mwimo, kimo cha kifua. Kwanza alituomba tutoke wote nje, ili ufungwe kwa utaratibu.

Kisha akamwendea Siwema. Aliinama kama anayeongea na mtoto, akapaza sauti kama anayeongea na kiziwi.

"Siwema! Hakuna mtu atakayevuka utepe huu mpaka Mheshimiwa Waziri aje mwenyewe aukate! Umeelewa?"

"Mpaka Waziri aje mwenyewe aukate," Siwema akasema.

"Hasa! Ana akili sana huyu."

Baada ya hapo tukainama, tukapita, tukarudi kazini. Bwana Chogero mwenyewe aliinama akaingia, maana alikuwa amesahau kofia ndani. Nje alibaki mtu mmoja.

*

Bi Mboni alimwita. "Siwema, ingia mwanangu."

"Waziri hajaja."

"Ule utepe ni wa kuonyesha tu. Ona, mimi nimepita."

Siwema alimtazama kwa namna ambayo Bi Mboni hakuipenda. Hakuna kitu kibaya kama kutazamwa hivyo na mtu asiyejua kusema uongo. Bi Mboni alitoka akamkimbiza Bwana Chogero mpaka kwenye gari, akamwomba arudi amwambie yule binti aingie, kwa kuwa neno alilolifunga yeye angelifungua yeye. Bwana Chogero alisikitika. Alisema agizo limetoka juu, naye ni mfereji tu, na mfereji haurudishi maji. Isitoshe alivutiwa sana na nidhamu ya Siwema, akaahidi kwamba itatajwa kwenye hotuba.

Kung'oa utepe wenyewe hatukuthubutu. Utepe ni mali ya Serikali, na mtu mmoja wa mtaa wa pili aliyeutumia kufungia mbuzi yuko ndani mpaka leo. Na hata tungeung'oa, ingesaidia nini? Siwema hakuambiwa utepe usiwepo. Aliambiwa Waziri aje mwenyewe aukate.

Basi akawa anakuja kila asubuhi, anavaa aproni, anakaa kwenye ngazi ya mlango. Siku za mwanzo alikaa kwa utulivu, mikono juu ya magoti, kama abiria aliyewahi. Waziri alikuwa na mafua. Baadaye Waziri akawa anazindua mkakati wa kuzindua. Kisha mkasi uliagizwa nje, ukakwama bandarini. Kila mara tulimpa tumaini jipya, mpaka Bi Mboni akatukataza, akisema tunamwumiza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa Siwema iliumiza mikono: ilianza kukunja hewa. Niliona kwa macho yangu, mikono inakunja shuka ambayo haipo, inaiweka pembeni, inachukua nyingine. Kisha ikaacha kukunja. Akaanza kuuuma mkono wa kushoto, mahali pamoja, kila siku, mpaka pakatoka kidonda.

Serikali haikumsahau. Ilimchukua kwenye Mafunzo ya Utayari wa Kazi, katika ukumbi wenye vipaza sauti. Mkufunzi akamuuliza, "Siwema, baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

"Kwenye meza yangu. Karibu na dirisha."

Mkufunzi akaandika kwamba hana malengo. Hata hivyo walimpa cheti kilichothibitisha kwamba sasa yuko tayari kufanya kazi aliyokuwa akiifanya. Bi Zamda alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamrudisha binti yake kwenye ngazi.

*

Bi Zamda alikuwa anaumwa tangu zamani, kimya kimya, kama wanavyoumwa akina mama wenye mtu wa kumwangalia. Alilazwa hapo hapo kwetu, wodi ya wanawake, na dirisha la kitanda chake lilitazama ua wetu. Kutwa alikuwa anamwona mwanawe pale kwenye ngazi. Alasiri aliteremka kwa kushika ukuta, baadaye kwa kusukumwa na nesi kwenye kiti cha magurudumu, akafika mbele yake na kusema, "Siwema, nimekuja." Wakapanda pamoja wodini, Siwema akalala kwenye mkeka kando ya kitanda. Manesi walifumba macho.

Siku Bwana Chogero alipokuja kupima mahali pa kuweka turubai, Bi Zamda aliomba asukumwe mpaka kwake.

"Baba," akamwambia, ingawa kwa umri angeweza kumzaa. "Mimi siombi sherehe. Niruhusu nikate mimi huo utepe. Nataka nimwone mwanangu ameingia kabla sijaondoka."

"Unaondoka lini, mama?" Bwana Chogero akauliza, akatoa kalamu.

"Sijui. Karibu."

"Basi tutajitahidi. Lakini kukata, mama yangu, kukata kuna ngazi zake. Hata mimi mwenyewe sikati. Mimi nafunga tu."

Akamwachia chupa ya maji yenye nembo ya Mamlaka.

Kesho yake, kweupe, Bi Zamda aliteremka peke yake. Hatujui alishukaje. Mkononi alikuwa na mkasi wa kukatia bandeji. Aliegemea mwimo wa mlango, akapumua, akaukata utepe wa taifa katikati, vipande viwili vikaning'inia. Sisi tulikuwa ndani, tunatazama. Akageuka, uso umemnawiri, mimi sijamwona mzuri namna ile.

"Haya mwanangu. Utepe umekatwa. Ingia."

Siwema alisimama. Alitazama vile vipande, akamtazama mama yake.

"Mama si Waziri," akasema.

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo. Mama si Waziri."

Hakusema kwa ukaidi. Alisema kwa masikitiko, kama mtu anayelazimika kumwambia mzee jambo ambalo mzee alipaswa kulijua. Kisha akakaa tena kwenye ngazi, akaanza kuuuma mkono. Bi Zamda aliteleza chini taratibu akakaa kando yake, na mkasi ukaanguka.

"Ni mimi niliyemfundisha," akawa anasema, huku Bi Mboni amemshika. "Ni mimi, Mboni. Tangu mdogo nilimwambia, mkubwa akikuambia neno, lishike. Nilijua dunia haitamhurumia. Nikasema angalau awe mtiifu. Nilidhani namkinga, kumbe namfungia mlango."

Mimi nililia. Machozi yangu hayakuwa yamezinduliwa, na sikujali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Siku ile ulimwagika mpaka sisi tusiomzaa tukapata wa kwetu.

Bwana Chogero alifunga utepe mwingine, mpana zaidi. Kwa huruma hakumshtaki Bi Zamda. Aliandika kwamba utepe wa kwanza ulikatwa na upepo.

*

Hatimaye ilitangazwa siku. Ua wetu ulifunikwa turubai, zulia jekundu likatandikwa juu ya mfereji wa maji ya sabuni, na bendi ya matarumbeta ikapangwa hatua chache kutoka kwenye ngazi. Bi Mboni aliomba bendi isipige, akaeleza kwa nini. Waandaaji walimwelewa vizuri sana, wakaomba wapuliza tarumbeta wapulize kwa moyo.

Siwema alikuwa kwenye ngazi na aproni safi, masikio ameyaziba, macho ameyafumba, anajitikisa mbele na nyuma. Mshereheshaji aliwaambia wageni kwamba binti anacheza kwa furaha.

Gari likafika. Akashuka bwana mnene mwenye tabasamu, siye yule wa kwenye mabango. Alipanda jukwaani, akasema itifaki imezingatiwa, akasoma.

"Ndugu wananchi! Mheshimiwa Waziri alitamani sana kuwa nanyi, lakini majukumu mazito ya kitaifa yamemweka ofisini. Mimi, Kaimu Msaidizi wake, nawaletea salamu zake za dhati. Mheshimiwa anasema, na hapa namnukuu, 'Leo hakuna aliyeachwa nje.' Mwisho wa kunukuu!"

Tukapiga makofi. Mkono wa mtu wa kwetu unajua kupiga makofi bila kumsubiri mwenyewe.

Kaimu aliteremka, akapokea mkasi wa dhahabu, akakata. Bendi ikalipuka. Ilipotulia, alimnyooshea Siwema mkono.

"Ingia kazini, binti yangu!"

Siwema alifumbua macho. Hii ndiyo saa aliyoisubiri, na niliona jinsi alivyojikusanya kuiuliza vizuri.

"Wewe ni Waziri?"

"Mimi namwakilisha Waziri."

"Waziri yuko wapi?"

"Kwa leo," akasema Kaimu, akicheka na kamera, "Waziri ni mimi!"

Siwema alimwangalia tangu viatu mpaka kofia. Alitaka sana iwe kweli. Naapa alitaka.

"Si wewe," akasema, akakaa.

Kisha mshereheshaji akapiga kelele, "Makofi kwa Siwema!" na Bwana Chogero, ambaye hakuitwa Mratibu Mkuu bure, akamvika aproni dada mmoja wa Mamlaka, akampitisha mlangoni, akapigwa picha kwa nyuma. Picha ilitoka nzuri. Kabla chai haijaisha redio ilishatangaza kwamba nchi yetu imefikia lengo, tena imelipita.

Bi Mboni alimfuata Bwana Chogero alipokuwa anakunja zulia. "Waziri mwenyewe atakuja lini sasa?"

"Aje kufanya nini, mama? Imeshazinduliwa. Kitu hakizinduliwi mara mbili." Akaongeza kwa upole wake ule, "Kwenye hesabu zetu, huyu yuko ndani."

Siwema alikuwa kwenye ngazi. Utepe haukuwepo tena, mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu duniani wa kumruhusu kuingia.

*

Kabla zulia halijamalizika kukunjwa, nesi alikuja kumwita Bi Mboni wodini. Mimi nilimfuata. Bi Zamda hakuweza tena kuinua kichwa hadi kwenye dirisha, lakini makofi alikuwa ameyasikia.

"Ameingia?" akauliza.

Bi Mboni nimemjua tangu ujana, na sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya samaki. Alimshika mkono.

"Ameingia, dada."

"Anakunja?"

"Anakunja. Yuko dirishani kwake."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Zamda, akafumba macho apumzike.

Bi Mboni alishuka ngazi mbili mbili. Hakusema na mtu. Aliingia chumbani, akaishika meza ya kukunjia, akaanza kuiburuta kuelekea mlangoni, ikakwama, akaisukuma kwa kiuno. "Mnanitazama nini?" akatufokea. "Nimemwambia mwenzangu anakunja. Shikeni!" Nikaenda nikang'oa miguu ya meza, tukaitoa kwa ubavu, tukairudishia miguu, tukaisimamisha uani, chini ya dirisha la wodi. Tukatoa na marundo ya shuka.

Mtaniuliza kwa nini hatukufikiri hivyo siku ya kwanza. Nami nimejiuliza mpaka kichwa kimeuma. Nadhani ni kwa sababu sisi tulikuwa tunapita. Mtu anayepita hana haja ya kuhamisha meza.

Bwana Chogero alikuja mbio. "Hapa nje hapajazinduliwa!"

"Kafunge utepe hewani," Bi Mboni akamwambia, na jinsi alivyomwambia, yule kijana alirudi kwenye gari akafunga kioo.

Bi Mboni akachuchumaa mbele ya ngazi. Alisema polepole, jambo moja moja.

"Waziri hajaja. Mlango huingii. Sawa. Meza iko nje. Nje hukukatazwa."

Siwema alitazama meza, akatazama ardhi chini yake, akatazama umbali kati yake na mlango. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akanawa mikono kwenye bomba, akachukua shuka ya kwanza. Akalinganisha pindo na pindo. Kidonda cha mkono kilikuwa kinaonekana kila anapogeuza kiganja.

Nilipiga mluzi kumwita nesi. Nilitaka amwinue mgonjwa dirishani, mara moja tu, aone. Nesi alichungulia, akaiona meza, akatabasamu, akatoweka ndani. Tukasubiri, nyuso zetu tumezielekeza juu kama watu wanaotazama mvua. Aliporudi dirishani alikuwa peke yake. Akavuta pazia.

*

Bi Mboni ndiye aliyemwambia, na alimwambia kama alivyotufundisha sote, neno lilivyo.

"Siwema. Mama amekufa."

Mikono ikasimama. "Amekufa kweli, au kama Bwana Pasi?"

"Amekufa kweli. Harudi."

Siwema akamalizia shuka iliyokuwa mkononi, akachukua nyingine. Alikunja mpaka rundo likaisha. Alipopitisha kiganja juu yake hakucheka.

Wakati wa kutoka ukafika. Wenzetu wakaenda wodini kusaidia mambo ya maziko, ua ukabaki na sisi watatu. Bi Mboni akamwambia twende. Siwema hakusogea. Alikuwa amesimama na aproni yake, anatazama geti la nyuma.

"Nimekwambia Mama amekufa, mwanangu."

"Ndiyo. Mama amekufa." Akaendelea kutazama geti. "Anakuja nani?"

Bi Mboni ana watoto wake, na wajukuu, na mume mgonjwa, na nyumba ya vyumba viwili. Alisimama pale akiishika khanga yake kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani atalia, au atamshika mkono amvute kama ambavyo mtu mwingine yeyote angefanya. Hakufanya hivyo. Alivuka ua, akatoka kwa geti la nyuma, akalifunga. Kisha geti likafunguka, Bi Mboni akaingia, akavuka ua polepole kama mtu anayetoka mbali, akasimama mbele ya Siwema.

"Siwema," akasema, "nimekuja."

Siwema alimtazama sana. Kisha akavua aproni, akaikunja, wakaondoka.